Kisogo cha Orville Stensrud

Mimi nilikuwa mama mkwe. Usiniulize wa nani. Nilikuwa mama mkwe wa kila mwanamume aliyewahi kuoa mbele ya kamera pale Edendale, California, enzi za picha bubu, na kazi yangu ilikuwa kufungua mlango kwa hasira nikiwa na mti wa kusukumia unga mkononi, nimtwange bwana harusi, halafu nizimie juu ya meza yenye vyombo. Jina langu hasa ni Lottie Grubb, lakini hata muuza nyama alikuwa ananiita Mama Mkwe, na nilikuwa naitika bila kinyongo, maana aliniogopa kidogo na alikuwa ananichagulia vipande vinono.

Leo lakini sijisemi mimi. Nilishajisema vya kutosha, waulize majirani. Leo namsema Orville Stensrud, na namsema kwa uzuri, kwa sababu wanaojua habari za picha zile za zamani wakikaa kusimulia wanawataja wengine wote, yeye wanamruka. Inaniuma. Basi kaa chini.

Orville alikuwa jitu la Duluth, kule juu Minnesota kwenye baridi ya kukata masikio. Mgongo mpana, shingo nene, mikono ya mtu aliyezoea kupakia magogo, na roho laini mpaka inakera. Sasa, kwenye kila picha ya vichekesho lazima awepo mtu wa kupigwa. Staringi anapiga, watu wanacheka, staringi anapata jina. Anayepigwa anapata sabuni ya kunawia uso. Orville ndiye alikuwa mtu wetu wa sabuni. Leo ni polisi anayeangukia mtaroni, kesho ni mume mwenye wivu, keshokutwa ni daktari wa meno anayeng'atwa na mgonjwa wake, na yote hayo mwisho wake ni mmoja tu: pai ya krimu usoni, paa! Na siku zote alivaa masharubu ya bandia, makubwa, yaliyoanzia puani yakaenda kuishia mahali ambapo shavu linakuwa sikio. Ukimwona mtaani bila yale masharubu, humtambui. Mimi mwenyewe niliwahi kumpita kwenye kituo cha tramu, na hapo nilikuwa nimeshazimia mezani mbele yake wiki nzima.

Halafu kulikuwa na sheria ya pai. Haikuandikwa popote lakini ilikuwa kali kuliko ya kanisani. Ukishapigwa pai, hujifuti. Hufuti jicho, hufuti pua, hulambi hata mdomo, mpaka mwongozaji aseme "Kata!" Maana wakitaka kukusogezea kamera wapige tena kwa karibu, kila tone lazima liwe pale pale lilipokuwa. Anayejifuta kabla ya "Kata" hana kazi kesho. Na Orville kwa hilo alikuwa bingwa. Siku moja mwongozaji wetu, Bwana Ferrand, alimwacha na pai usoni akaenda kula, akasahau kabisa. Basi Orville kasimama! Jua la California linawaka, krimu inachacha, nzi wameitana ukoo mzima. Nilikaa kando yake nikimpepea kwa kofia na kumnywesha maji kwa mrija.

"Futa, wewe mwanamume," nikamwambia. "Mwenyewe yuko mezani anachokonoa meno."

"Hajasema 'Kata'," akajibu kutoka ndani ya krimu.

Ndivyo alivyokuwa. Ferrand aliporudi akamkuta vile vile, akavua kofia.

Staringi wetu aliitwa Dewey Plunkett. Kijana mfupi, mwembamba, nywele zimelala kwa mafuta, macho ya kuwaliza wasichana wa Ohio. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda kioo, basi. Lakini mtu anayependa kioo hapendi kuona mwingine ndani ya kioo kile kile, na kampuni ilikuwa inakula kwa mgongo wa jina lake, kwa hiyo akisema ni jua, hata kama mvua inatupiga, sote tunavua makoti.

Kitu kimoja kilinishangaza. Orville alikuwa kila mara anamwomba Ferrand jambo lile lile: apewe nafasi ya uso mtupu. Hakutaka nafasi kubwa, hata kidogo. Alitaka dakika moja tu bila masharubu, bila krimu, kamera imtazame. Ferrand alikuwa anamwambia, "Tutaona, mzee," na tunajua wote maana ya tutaona. Siku moja tukiwa tumekaa kwenye benchi nyuma ya karakana ya seremala, tunakula mikate yetu, nikamkabili.

"Hivi wewe uso wako una nini cha kuonyesha? Nimeuona. Ni uso."

Hakucheka. Akainua mkono wa kulia, akaupeleka nyuma, kidole kimoja kikaingia ndani ya kola ya shati, akajikuna shingoni taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto. Hiyo ilikuwa tabia yake kila kitu kikimkaba. Kisha akaniambia habari za Thora.

Thora alikuwa binti yake. Mke wa Orville alikufa kwa kifua, mtoto akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, na kazi ya magogo ikawa haina mbele wala nyuma. Akaamua kuja Magharibi na kikundi cha maigizo. Mtoto akamwacha kwa mama yake mkubwa, Gunhild, mwanamke wa kanisani, mkavu, aliyeamini sinema ni sebule ya Shetani. Siku ya kuondoka, pale stesheni, Orville akapiga magoti akamwambia mtoto, "Siku utakayouona uso wangu kwenye picha, mkubwa kama mlango, ujue mambo yamenyooka na nakuja kukuchukua." Halafu akainuka, akaenda kwenye treni bila kugeuka.

"Kwa nini hukugeuka?" nikauliza.

"Nilikuwa nalia, Mama Mkwe. Ningegeuka nisingeondoka."

Sasa niambie, ni baba gani anamwahidi mtoto kitu kama hicho? Ni wanaume tu. Angemwahidi sketi, angemwahidi mdoli. Ameenda kuahidi uso! Tangu hapo alikuwa anatuma matumizi kila mwezi, Gunhild anapokea, na jibu lake kila mara ni kwamba mtoto mzima na asisumbuliwe. Mtoto hakuwahi kuambiwa baba yuko wapi wala yuko na kampuni gani.

"Panda treni uende, mpumbavu mkubwa wee!" nikamfokea. Mikate ikaanguka. "Nenda ukagonge mlango!"

"Niende na nini? Nikamwambie nini? Kwamba nilipomwacha nikaenda kupigwa pai?" Akaokota mkate wangu, akaupuliza vumbi, akanirudishia. "Nilimwambia uso. Ngoja uso utoke kwanza."

Nikaung'ata mkate ule na vumbi lake.

Na uso ukatoka, bwana! Ulitoka kwa sababu ya gundi. Ile gundi ya masharubu ilimchoma ngozi ya juu ya mdomo, akatoka vipele vyekundu, mpaka daktari akakataza asipake tena mpaka vipone. Wiki hiyo tulikuwa na picha ya benki. Dewey ni kijana anayetaka kuweka sarafu yake moja tu, na karani amekaa nyuma ya dirisha. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuwa karani. Ferrand akakuna kichwa, akasema, "Haya, Orville, kaa hapo na uso wako huo. Vipele havionekani kwa mbali."

Orville alikuja asubuhi ile amenyoa, amechana nywele, amevaa shati lililopigwa pasi na yeye mwenyewe, mikunjo imekwenda kombo. Akakaa dirishani. Dewey akaruka, akapinduka, akaangusha kofia, akaiokota, akaiangusha tena. Orville akawa anamtazama tu. Kumtazama! Hakuongeza kitu. Lakini kulikuwa na kitu kwenye utazamaji ule, uchovu wa kila karani duniani aliyewahi kuletewa upuuzi saa ya kufunga, na mimi niliyesimama nyuma ya kamera nikang'ata shali yangu nisicheke, na Ferrand akaamuru kamera isogezwe karibu na uso ule.

Ilikuwa desturi yetu, kabla picha haijauzwa, kuipeleka kwenye ukumbi mdogo mahali watu wasipotujua, tukae nyuma tusikilize vicheko viko wapi. Tukaipeleka Glendale, mji wa jirani. Mpiga piano alikuwa bibi mmoja aliyepiga kila kitu kama ni arusi. Dewey akatokea, watu wakacheka, vizuri. Kisha ukaja uso wa Orville, mkubwa kama mlango hasa, haufanyi chochote, na ukumbi ukapasuka. Mama mmoja mbele yangu akawa anampiga mume wake paja. Kila Dewey akipinduka walicheka kidogo, halafu wakangoja uso. Unajua ukumbi unapongoja? Unasikia viti. Walikuwa wanamngoja Orville.

Nikamtazama Orville gizani. Analia na kucheka kwa pamoja, mikono yote miwili iko magotini.

"Ataniona," akasema. "Mama Mkwe, ataniona."

Nikamtazama Dewey pia. Amesimama ukutani, kofia mkononi, hacheki.

Asubuhi iliyofuata tulipofika tukakuta maseremala wameshageuza benki. Dirisha la karani lilikuwa linatazama huku, sasa linatazama kule. Kamera imewekwa ndani, nyuma ya kiti cha karani. Ferrand alikuwa anakagua viatu vyake kana kwamba ni vipya.

"Tunarudia zile za dirishani," akasema. "Orville, utakaa vile vile. Ila kamera itakuwa nyuma yako. Uso utakaoonekana ni wa Dewey."

"Na wangu?" Orville akauliza.

"Wewe utakuwa... utakuwepo."

Dewey alikuwa anajitengeneza tai. "Ni kwa ajili ya hadithi tu, kaka," akasema, mtamu kama nini. "Watu lazima wamjue wa kumfuata. Na sio hii tu. Tukikutana kwenye picha, wewe unakuwa na mgongo kwa kamera. Tumeshaelewana na ofisi."

Nilimwita Dewey jina ambalo sitalirudia hapa. Halikumdhuru.

Orville alitoka nje, akaketi juu ya sanduku la misumari, kofia magotini. Nilimfuata. Ile picha yenye uso wake ilikuwa imeshaamriwa kukatwa, haitatoka Glendale kwenda popote, wala Duluth wala kwingine.

"Nafunga mizigo," akasema.

"Uende wapi?"

"Sijui. Kufungasha machungwa Anaheim."

"Na huko kwenye machungwa atakuonea wapi?"

"Hata hapa haoni! Mtoto atatambuaje kisogo, Mama Mkwe? Kisogo ni kisogo. Kila mtu anacho."

Hapo nikakasirika. Nikamwambia kama kisogo ndicho walichotaka, basi awape kisogo cha kuwanyima usingizi, halafu ndiyo aende kwenye machungwa yake akiwa ameshawakomoa. Yalikuwa maneno ya hasira tu. Lakini alikaa akiyafikiria, akajikuna shingo, akainuka akaingia ndani.

Mpiga picha wetu alikuwa Mhungaria mmoja, Laszlo, mtu wa maneno machache, anayezungusha mkono wa kamera kwa mwendo mmoja asubuhi mpaka jioni, kiko cha tumbaku mdomoni. Akaanza kuzungusha. Dewey akaja dirishani na mbwembwe zake zote. Orville kakaa, tunamwona kwa nyuma tu: mabega, shingo, kichwa. Dewey akaangusha kofia. Shingo ya Orville ikaanza kupanda. Ikapanda taratibu kutoka ndani ya kola, ikasimama, ikangoja. Dewey akaangusha kofia mara ya pili. Shingo ikashuka yote, mabega yakaifuata, ukaona mtu anayemwomba Mungu ampe saa ya kwenda nyumbani. Kisha mkono wa kulia ukaja nyuma, kidole kimoja ndani ya kola, kulia kwenda kushoto, taratibu.

Nyundo zikanyamaza karakana nzima. Mafundi walikuwa wameacha kazi wanacheka, mmoja kaketi chini kabisa. Laszlo hakuacha kuzungusha, lakini kiko kilikuwa kinatikisika mdomoni.

"Wanacheka nini?" Dewey akauliza bila kusogeza midomo.

"Wanakucheka wewe, bosi," nikamwambia. "Leo umewaweza."

Akaamini. Mpaka alipoacha kazi aliamini, masikini.

Picha ikatoka na kisogo. Na ikaenda! Wenye kumbi wakawa wanauliza ofisini lini kitakuja tena kile kisogo. Jina la Orville halikuwepo kwenye picha, majina ya watu wa pembeni hayakuwa yakiwekwa, kwa hiyo walikuwa wanamwita hivyo tu, Bwana Kisogo. Akapewa kazi kwa wingi. Hakwenda Anaheim. Kila picha ya Dewey, Orville yuko mbele ya kamera, ameipa mgongo: mhudumu wa hoteli, hakimu, padri. Walimpiga pai tukiwa nyuma yake, tukaona kichwa kinavyoruka kidogo tu, halafu utulivu, halafu kidole kwenye kola, na watu wanajishika mbavu.

"Nimekuwa maarufu upande usio wangu," akaniambia.

Tukacheka. Lakini niliona jambo. Hakumwomba tena Ferrand nafasi ya uso. Na pale kwenye benchi aliacha kumtaja Thora. Nikimtaja mimi, anasema, "Ameshakuwa mtu mzima. Ameshanisahau, na ni haki yake," kisha anageuza maneno kwenye hali ya hewa, na California hali ya hewa haina hata cha kusema. Hilo lilinitia uchungu kuliko yale machozi yake ya Glendale.

Sasa sikiliza. Siku moja baada ya chakula narudi kazini, nakuta mlinzi wa geti, mzee Hanrahan, anabishana na msichana. Msichana mrefu, mifupa mikubwa, koti zito la kaskazini katikati ya joto lile, kisanduku cha kadibodi kimefungwa kamba.

"Rudi kwenu, binti," Hanrahan anasema. "Kila treni inaleta wasichana na masanduku. Nyota tunazo za kutosha."

"Sitaki kuwa nyota. Namtaka baba yangu."

"Enhe. Jana alikuja mwingine, Dewey Plunkett ni mjomba wake. Juzi mwingine, mke wake. Baba yako naye ni nani, mfalme wa Uswidi?"

Msichana alikuwa amekabwa, unaona kabisa. Akainua mkono wa kulia, akaupeleka nyuma, kidole kimoja kikaingia ndani ya kola ya lile koti, akajikuna shingo. Kulia kwenda kushoto.

Nilikuwa natafuna karanga. Niliacha kutafuna.

"Hanrahan," nikasema, "fungua geti."

"Mama Mkwe, nimeambiwa wakipiga picha nisi..."

"Fungua geti kabla sijaenda kuchukua mti wangu wa unga!"

Akafungua. Nikamshika yule mtoto mkono, mkono mkubwa wa baridi, tukawa tunatembea haraka kati ya mabanda, na nikauliza swali nililokuwa nalo kooni.

"Wewe ni Thora. Umemjuaje? Umejuaje kama yuko hapa?"

Akaniambia kwa pumzi fupi fupi. Tangu utoto alikuwa anatoroka kwenda sinema, mama mkubwa Gunhild akidhani yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Alikuwa anatafuta uso. Kila picha, kila uso. Wenye masharubu aliwakagua mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa yeye.

"Na kusema kweli, mama," akasema, "uso wake nilikuwa nimeshausahau. Nilikuwa natafuta kitu nisichokijua. Nilikuwa naogopa kumwambia mtu."

"Ehe?"

"Halafu nikaona ile ya benki, yenye jina la kampuni yenu kwenye bango. Yule karani. Nikasimama palepale nikasema 'Baba!' kwa nguvu, mpiga piano akaacha kupiga. Watu wote wanacheka, mimi nalia, wakanitoa nje. Kwa sababu huo ndio niliokuwa nao, mama. Mgongo wake. Pale stesheni alikwenda mpaka kwenye treni, akasimama, akafanya hivi." Akaweka kidole kwenye kola. "Halafu akapanda. Hakugeuka."

Nikaubana mkono wake, tukaongeza mwendo.

Tulipofika walikuwa katikati ya kazi. Vitambaa vyeupe vimetandazwa juu kupunguza jua, fidla na kinanda vinapigwa pembeni kuwapa waigizaji moyo, na Ferrand ameshika bomba lake la kupigia kelele, maana picha zile hazikuwa na sauti na kila mtu aliongea alivyotaka. Ilikuwa ni mgahawa. Dewey anatazama kamera, pai mkononi. Orville ni mhudumu, ameipa kamera mgongo, koti jeusi, kola ngumu. Nikampeleka mtoto mpaka pembeni ya Laszlo. Sikumwambia asimame wapi. Alisimama mwenyewe.

"Rusha!" Ferrand akapiga kelele.

Dewey akarusha. Paa! Kichwa cha Orville kikaruka kidogo, kikatulia.

"Vizuri! Usitikisike, Orville! Simama hapo hapo! Sasa kidole!"

Mkono ukaja nyuma. Kidole kikaingia kwenye kola. Fundi mmoja akaanza kucheka.

"Baba," Thora akasema.

Hakupiga kelele. Na fidla ilikuwa inalia, na Ferrand alikuwa anafoka, nikadhani hajasikia. Lakini kile kidole kilikuwa kimefika katikati ya shingo, kikasimama. Hakikwenda kushoto.

Akageuka.

"Mgongo!" Dewey akalia. "We! Mgongo! Geuka huko! Ferrand, mwambie ageuke!"

Orville alikuwa amesimama anatazama kamera, na hakuna uso. Ni krimu tupu, nene, toka kwenye nywele mpaka kidevuni, na matundu mawili ya macho. Msichana alikuwa amenyoosha shingo, anatafuta. Nami nilikuwa nasema moyoni, futa, futa we mwanamume, futa, na huku najua hafuti, maana Ferrand hajasema. Nzi walimla siku ile na hakufuta.

Akainua mikono yote miwili. Akajifuta. Alijifuta kuanzia juu kuteremka chini, mara moja, mara ya pili, akaikung'uta krimu chini, akachukua kitambaa cha mhudumu kilichokuwa mkononi akafuta macho, akafuta pua, akafuta vizuri mdomo na mashavu, anavyofuta mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Na uso ukatoka. Ulikuwa mwekundu, umezeeka kuliko niliokuwa nauona benchini, na umelowa.

Fidla ikanyamaza. Ferrand alikuwa ameshusha bomba lake. Kilichosikika ni kamera tu, Laszlo anazungusha, anazungusha, kiko kimemtoka mdomoni kikaanguka chini, na hakuinama kukiokota.

Thora alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa anajifunza uso ule.

"Mambo yamenyooka?" akamuuliza.

Orville akatazama lile koti la mhudumu, akatazama zile meza za mbao zilizopakwa rangi upande mmoja tu, na Dewey aliyesimama na pai ya akiba, mdomo wazi.

"Hayajanyooka, mwanangu," akasema. "Hata kidogo. Lakini uso ndio huu."

Akavuka ile mistari ya chaki inayoonyesha picha inapoishia, akaja upande wetu. Mimi nililia kwa sauti, na sioni haya kusema. Dewey alikuwa anauliza nani amemruhusu kujifuta, nani, nani. Ferrand hakumjibu, wala hakusema "Kata."